Kozi ya saa 40 ya taka hatarishi: kazi iko kwenye kuvua mavazi

Matangazo ya "HAZWOPER saa 40, maliza nyumbani kwa simu yako", yaani mafunzo ya usalama kwa wanaoshughulika na taka hatarishi, yamejaa mtandaoni, na Waswahili walioko Marekani wanaotafuta kazi ya kusafisha viwanda vilivyofungwa na maeneo yaliyomwagwa kemikali wanakutana nayo. Kabla hujatoa hela, elewa kwamba OSHA, idara ya serikali ya huko inayosimamia usalama kazini, haitoi kadi ya HAZWOPER wala haimwidhinishi mtu mmoja mmoja. Kadi hutolewa na aliyekufundisha, na mwajiri ndiye anayebeba dhamana kwamba ulichofundishwa kinalingana na kazi. Tena kompyuta peke yake haitoshi: lazima ushike vifaa kwa mikono yako, na awepo mkufunzi wa kumuuliza. Isitoshe, kozi iliyokamilika mara nyingi ni ya bure kwa mfanyakazi, maana serikali ya shirikisho imeshailipia.

Fedha hizo zina historia yake. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura Love Canal, mtaa wa mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, ambako nyumba na shule vilijengwa juu na kandokando ya mtaro wa zamani uliojazwa taka za kemikali. Mwaka 1980 ikaja sheria ya Superfund ya kusafisha maeneo ya namna hiyo. Sasa mapipa yale yangefukuliwa na nani, na huyo naye angekuwa amefundishwa na nani? Jibu lilikuja kwenye marekebisho ya 1986, kifungu cha 126: OSHA itunge kanuni, na paanzishwe ruzuku ya mafunzo. Ruzuku ikakabidhiwa NIEHS, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya mazingira iliyoko North Carolina, ikaanza kutolewa 1987. Haiendi kwa kampuni za biashara. Wanaopewa ni mashirika yasiyo ya faida, hasa vyama vya wafanyakazi na vyuo vikuu, na wakufunzi wengi wa vyama ni mafundi waliotoka kazini humohumo. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika mpango mzima. Aliyewahi kufungua pipa hafundishi kama aliyesoma habari za mapipa.

Kanuni yenyewe, 1910.120, ilitangazwa Machi 1989 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Anayefanya kazi ya kila siku kwenye eneo lenye taka anatakiwa saa 40 za mafunzo, kisha siku 3 za kazi halisi chini ya msimamizi aliyefundishwa. Anayeingia mara mojamoja kwa kazi maalumu, saa 24 na siku 1. Kila mwaka saa 8 za kukumbushia. Msimamizi huongezewa saa 8 zake.

Nusu ya kwanza ya kozi ni kemia, sheria, lebo na kipima gesi. Kwenye kipima gesi shika utaratibu: kwanza oksijeni, pili gesi inayowaka, mwisho gesi za sumu. Sababu si mazoea. Kihisi cha kawaida cha gesi inayowaka huichoma gesi ndani yake ili kuipima, na bila oksijeni ya kutosha haichomeki vizuri, kwa hiyo kifaa kinasoma chini na wewe unaingia ukidhani pako salama. Oksijeni chini ya asilimia 19.5 ni upungufu, juu ya 23.5 ni hatari ya moto. Gesi inayowaka ikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani kiasi kidogo kabisa hewani kinachoweza kulipuka, toka. Na ukipima kwa mpira mrefu wa kuvuta hewa, subiri hewa ifike kwenye kihisi. Kosa la kila darasa ni kuchovya mpira shimoni, kusoma papo hapo na kusema "sifuri".

Pipa la kawaida la galoni 55, yaani kama lita 208, huhukumiwa kwa macho kabla ya mkono. Likivimba juu lina shinikizo. Likionyesha chembe nyeupe au za manjano kuzunguka kizibo, huenda ndani mna kitu kinacholipuka kwa kutikiswa tu. Yote mawili hayaguswi wala hayaviringishwi, wanaitwa wataalamu wa kufungua kwa mbali. Linalovuja lakini bado limetulia huingizwa zimazima kwenye pipa kubwa la galoni 85.

Mavazi yamegawanywa ngazi nne. A ni suti iliyofunga mwili mzima, mtungi wa hewa ukiwa ndani. B ni mtungi wa hewa na suti ya kuzuia kemikali inayoruka. C ni barakoa ya vichujio. D ni ovaroli na mabuti. Vichujio havitengenezi oksijeni, na barakoa haishiki uso wenye ndevu. Upimaji mmojawapo ni kupuliziwa mvuke wenye harufu ya ndizi mbivu ukiwa umevaa: ukiisikia ndizi, umefeli, nenda kanyoe.

Kuvaa kunafundishika kwa saa mbili. Kuvua ndiko kunakokula siku nzima, na ndiko kozi za simu zinakoanguka. Mtu anaweza kufanya kazi vizuri kabisa kule ndani, halafu akajipaka sumu mwenyewe akiwa hatua kumi kutoka kwenye chupa yake ya maji.

Mstari wa kuvulia ngazi B huenda hivi. Unaweka zana juu ya karatasi ya plastiki. Unasimama kwenye beseni, unasuguliwa vifuniko vya mabuti na glavu za nje, unasuuzwa kwenye beseni la pili. Utepe uliobana glavu na mabuti kwenye suti unabanduliwa, vinavuliwa vifuniko vya mabuti, kisha glavu za nje. Suti yote inaoshwa na kusuuzwa, mabuti yanavuliwa. Mtungi unashushwa mgongoni huku barakoa ikibaki usoni. Suti inaviringishwa kwenda chini, ndani ikitokea nje. Glavu za ndani zinaoshwa zikiwa mkononi, na hapo ndipo barakoa inatoka. Glavu za ndani ndizo za mwisho, kisha nguo za ndani na kuoga.

Wakufunzi wazuri humpaka mwanafunzi unga unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno bila kumwonyesha ni wapi, wanamwacha apite mstari mzima, kisha wanazima taa za ukumbi. Unga huonekana pale mkono usiooshwa ulipopita: shingoni, nyuma ya sikio, kwenye kamba za barakoa. Chanzo kikubwa ni utepe. Ukiubandika mpaka mwisho bila kukunja ncha, kama sentimita 3 hivi, kuwa kishikio, msaidizi mwenye glavu nene atakwaruza dakika nzima, na hatimaye atachana mkono wa suti.

Dakika hiyo hamna. Mtungi wa dakika 30 ni wa dakika 30 kwenye karatasi, tena kwa mtu anayepumua kwa utulivu kiasi. Toa 5 za kuingia, 5 za kutoka, 10 za kuvua: kazi imebaki na dakika 10, na anayesukuma pipa anapumua haraka zaidi. Ndiyo maana kwenye mstari pana kituo cha kubadilishia mtungi, ili anayerudi ndani asivue kila kitu.

Joto nalo linaua, hata pasipo sumu. Mapigo ya moyo yakizidi 110 kwa dakika mwanzoni mwa mapumziko, zamu inayofuata inapunguzwa theluthi: dakika 30 zinakuwa 20. Mwenye kilo 70 akipoteza kilo moja na zaidi ndani ya siku, hanywi maji ya kutosha.

Kwa anayevaa barakoa siku 30 au zaidi kwa mwaka, uchunguzi wa daktari hulipiwa na mwajiri, na mshahara wa muda huo haukatwi.

Ukipiga simu kuulizia kozi, usianze na bei. Uliza nitavaa suti na mtungi mara ngapi, mstari wa kuvulia una mabeseni mangapi, na kwenye kazi halisi yale maji ya kuoshea hupelekwa wapi. Jibu la hilo la mwisho ni kwamba yanakusanywa kwenye mapipa na kupimwa kama taka nyingine. Ukiambiwa yanamwagwa kwenye mfereji, kata simu.