Sio bati linavuja jamani, maji yanatoka chini

Kila mvua zikikolea huku Mbeya, Desemba mpaka Aprili hivi, sisi wa bondeni utasikia watu wanamlaumu fundi bati, wakati ukiangalia ukuta unyevu unaanzia chini unapanda, rangi inavimba kama maandazi na chumvi nyeupe inatokeza kwenye plasta. Hayo ni maji ya ardhini yamepanda, kupiga plasta upya ni kutupa hela tu. Shimo la choo nalo unaita gari la majitaka leo, keshokutwa limejaa, na kisima cha jirani kiko hapo hapo, we fikiria mwenyewe.

Kinachosaidia ni mtaro wa kufukia, mbali kidogo na msingi, upande maji yanakotokea, chini unalaza bomba lenye matundu unazungushia kokoto, mteremko angalau sentimita 1 kwa kila mita. Ila maji lazima yawe na pa kwenda! Kuna mtu kachimba wa kwake safi kabisa, umeishia uani kwa mama wa genge, ugomvi mpaka kwa balozi. Ndo maana sasa tunataka mtaa mzima tuchimbe mmoja hadi mtoni, mwenyekiti kashaitisha kikao, asiye na hela atakuja na jembe.