Miwani ya VR, usukani na joto la Mombasa

Mwishoni mwa 2024 nilionyeshwa HP Reverb G2 iliyotumika, miwani ya VR (ile inayofunika macho na kukuweka ndani ya mchezo), bei haifiki nusu ya Quest 3 mpya, miwani ya kampuni ya Meta. Mkono ulikuwa tayari mfukoni. Pikseli 2160 kwa 2160 kwa kila jicho! Kwa sisi wa mbio za magari za kuigiza kwenye kompyuta maana yake ni kukiona kibao cha mita 100 kabla ya kona badala ya kukikisia. "Chukua tu ndugu yangu, hii inagombaniwa," akasema muuzaji. Hakunieleza kwamba inategemea Windows Mixed Reality, programu ya kuendeshea miwani kama hii, na kwamba Microsoft wameiondoa kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Kompyuta yangu ilikuwa imeshapanda toleo hilo. Ningerudi nyumbani na pambo la kabati.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeazima Quest 2 ya shemeji kwa wiki tatu. Lenzi zake zina vituo vitatu tu: milimita 58, 63 na 68. Umbali kati ya mboni zangu ni milimita 60 na nusu, kwa hiyo sikuwa huku wala kule. Dakika 20 tu, macho yanavuta, kipaji cha uso kinauma. Nikadhani ni kile kichefuchefu cha VR kinachosemwa, nikawa nakunywa tangawizi kama mja mzito. Kumbe ni lenzi. Siku hizi mtu akiniuliza anunue ipi, namwambia aanze na rula na kioo apime mboni zake, pikseli baadaye.

Nikachukua Quest 3. Ina kigurudumu cha kusogeza lenzi kidogo kidogo, na lenzi zenyewe ni bapa, picha safi mpaka pembeni. Kwenye Quest 2 ilibidi nigeuze shingo nzima kutazama kioo cha pembeni. Hapa natupa jicho tu. Ubaya wake, picha hubanwa kwanza ndipo ipite kwenye kebo ya USB, na majani ya miti huwa kama yamepakwa mafuta. Miwani ya Pimax Crystal Light haina shida hiyo, lakini pikseli 2880 kwa 2880 kila jicho? RTX 3060 yangu, kadi ya picha ya kompyuta, ingeomba ruhusa ya kwenda kwao. Hata sasa naendesha mchezo wa mbio wa Assetto Corsa kwa fremu 72 kwa sekunde, magari machache.

Nordschleife, njia ya mbio ya Ujerumani, nilikuwa naijua kwa kuichezea kwenye runinga, kilomita 20.8 zote. Sikujua ina milima. Mara ya kwanza kuteremka mteremko wake wa Fuchsröhre, tumbo lilibaki juu na mguu ukaachia mafuta wenyewe. Nilichelewa sekunde 11 kuliko muda wangu wa runinga, na nilikuwa nacheka.

Linalobaki ni joto. Februari hapa, sponji ya miwani inayogusa uso inaloa kabla sijamaliza mzunguko wa pili. Nimeweka ya ngozi bandia, inayofutika, na feni ya meza usawa wa kidevu. Mke wangu anasema nafanana na mpiga mbizi aliyekosa bahari.

Juzi umeme ulikatika nikiwa katikati ya Karussell, kona ya hiyo hiyo Nordschleife. Kompyuta ikazima, feni ikazima, lakini Quest ina betri yake: nikajikuta katika kile chumba cha kuigiza cha miwani yenyewe, kimya, mikono imeshika usukani nisiouona.