Kukaa mapokezi kwenye jimu ya chialidingi

Jamani, tangu nianze kukaa mapokezi kwenye jimu ya chialidingi huku Dallas, ndugu zangu Mombasa wakipiga simu wananiuliza, kwani hiyo si kushangilia timu kwa kupunga vile vishada vinavyong'aa pembeni ya uwanja? Wapi! Hii ya mashindano hakuna timu unayoishangilia, wenyewe ndo wamekuja kushindana kwa sarakasi na kurushana juu, dakika 2 na nusu tu na mwaka mzima wa mazoezi umeishia hapo.

Mi nilidhani vikombe ndo vinaleta hela, kumbe vikombe vinaleta jina tu. Kodi ya jengo (na lazima liwe na paa refu, maana watoto wanarushwa juu, halafu zulia lenye springi chini ni futi 54 kwa 42) tunailipa na madarasa ya sarakasi ya watoto wadogo jioni na sherehe za bethdei wikiendi.

Kasheshe sasa ni mwezi wa tano, kupanga timu kwa levo, yaani viwango vya ugumu. Mzazi anataka binti yake awekwe levo ya 4 na hajaweza hata kupinduka kinyumenyume bila kushikwa. Bosi hajadiliani, anasema bora ushinde levo ya 2 safi kuliko kuanguka levo ya juu mbele ya majaji, na akikukatalia mara moja usirudi kesho na keki. Kuna mama alirudi na keki. Tuliila, mtoto akabaki levo ya 2.