Kati ya silabi na aya, hapo ndipo watoto wanapokwama

Kiswahili kinamwonea huruma anayejifunza kusoma. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Yale mabishano ya Uingereza na Marekani, mtoto aanze na sauti za herufi au akariri neno zima kwa macho, kwetu hayana uzito mkubwa. Tahajia yao ina mitego mingi. Yetu ina michache.

Basi kwa nini mtoto anafika darasa la tatu hawezi kusoma aya? Uwezo, mpango wa kupima watoto nyumbani kwao ulioanzia Kenya, Tanzania na Uganda, hupanga ngazi kuanzia herufi au silabi, kisha neno, aya, na mwisho hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ngazi ya silabi shule zetu zinaiweza. Tatizo liko juu yake, na hata mtaala wa KKK ulioanza Tanzania mwaka 2015, uliotenga muda mwingi wa darasa la kwanza na la pili kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, haukumaliza kazi hiyo wenyewe.

Kwanza kuna kuimba. Darasa zima likisema "ba, be, bi, bo, bu" kwa pamoja, mwalimu hajui nani anasoma na nani anafuata wimbo. Kupima ni rahisi: andika bo, sa, mi, ke, tu bila mpangilio, mwonyeshe mtoto mmoja mmoja. Anayeanza kunong'ona "ba, be, bi…" ili aifikie bo hajasoma, amekariri.

Pili, silabi zenye konsonanti mbili huachwa hadi mwisho wa mwaka au hugusiwa juu juu, wakati ndizo zimejaa kwenye sentensi za kawaida: mb, nd, nj, ny, mw, kw, ng na ng'. Herufi m ina usumbufu wake. Katika mtu inasimama kama silabi, m-tu. Katika mbuzi inaungana na b, mbu-zi. Mtoto asiyefundishwa hili atasoma "mu-tu" na mwalimu atadhani ni lafudhi ya nyumbani.

Tatu, na hili ndilo naliona kubwa kuliko yote, maneno yetu ni marefu. Mtoto anayesoma a-na-wa-pi-ki-a kwa silabi sita akifika mwisho amesahau mwanzo. Kila silabi ameipatia, maana hana. Dawa yake ni mazoezi mafupi ya kila siku, dakika tano, ya kutambua vipande vya mwanzo kwa mara moja: ana, ali, ata, wana, wali, wata. Andika anapika, alipika, atapika; kisha wanapika, walipika, watapika; badilisha kitenzi kesho yake. Baada ya hapo ongeza kiungo cha katikati: anampikia, anawapikia.

Urefu huo wa maneno ndio sababu huwezi kulinganisha kasi ya Kiswahili na Kiingereza. Kenya imeweka kigezo cha maneno 45 sahihi kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Anayemlaumu mtoto kwamba "Kiswahili anasoma polepole" aangalie kwanza anahesabu nini.

Kupima mwenyewe darasani hakuhitaji mradi. Tunga kifungu cha maneno 60 hivi ambacho hakimo kitabuni, kwa sababu cha kitabuni wameshakikariri. Tumia saa ya simu, sekunde 60. Akikwama kwenye neno sekunde 3, mwambie alipite, lihesabu kosa. Akifika neno la 24 akiwa na makosa 4, amepata 20. Akimaliza kabla ya muda, zidisha maneno sahihi kwa 60, gawanya kwa sekunde alizotumia. Kisha maswali matano ya mdomo kuhusu alichosoma. Mwenye kasi nzuri na majibu mawili tu bado yuko kwenye kuimba. Darasa la watoto 90? Sikiliza tisa kwa siku, wiki mbili za shule zimetosha.

Kwenye sera, pesa peke yake imeshajaribiwa. Busia, Kenya, utafiti wa Glewwe, Kremer na Moulin uliona kuwa kugawa vitabu kuliwafaa wanafunzi waliokuwa tayari wazuri, maana vitabu vya Kiingereza vilikuwa vigumu kwa wengine. Tanzania, jaribio la KiuFunza la shirika la Twaweza katika shule 350 za wilaya 10 liligundua kuwa ruzuku kwa shule peke yake haikuinua matokeo. Ilipoambatana na malipo kwa walimu kulingana na ufaulu, matokeo yalipanda. Na Kisumu, mradi wa PRIMR uliotangulia Tusome, mpango wa kitaifa wa Kenya wa kufundisha kusoma, ulilinganisha vishikwambi kwa maafisa wanaotembelea walimu, vishikwambi kwa walimu, na visoma-vitabu vya kielektroniki kwa wanafunzi. Makundi yote matatu yalipanda, tofauti kati yao haikuwa ya maana, na kuwapa maafisa ndiko kulikokuwa rahisi kwa gharama. Halafu bado kila bajeti mtu anataka kumnunulia mtoto kifaa.

Afisa huyo akifika shuleni mara nyingi huomba andalio la somo, hugonga muhuri, huaga. Tusome ilimpa kazi tofauti: kukaa nyuma ya darasa kipindi kizima, kusikiliza watoto wachache wakisoma na kuingiza matokeo kwenye kishikwambi, kisha kuzungumza na mwalimu kuhusu alichokiona. Kata isiyo na vishikwambi inaweza kuyafanya yote hayo kwa daftari, mradi afisa awe na nauli ya kufika.