Akiba Ndani ya Mshono

Leo Jumamosi, kabla ya chai, mizani imesoma 75.8. Nikashuka, nikaisogeza kwenye kigae kingine karibu na mlango wa bafu, nikapanda tena. 75.8. Haya.

Mwezi wa tano mwaka jana nilifika 74, ile namba niliyoiandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa kabati wakati nina kilo 96. Ilinichukua miezi 16 ya kuacha soda, kupunguza wali na kushuka daladala vituo viwili kabla ya kwangu. Siku ile nilipiga picha nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na pongezi zikamiminika mpaka simu ikapata moto. Kisha kimya. Zamani kila wiki kulikuwa na wa kuniuliza, "Imefika ngapi?" Sasa jibu ni lile lile, na namba isiyosogea haipigiwi vigelegele. Nani atakutumia ujumbe, "Hongera dada, wiki hii tena hujanenepa"?

Wanaouliza siku hizi wana lao. Mwezi wa nane tulikuwa msibani Korogwe. Shangazi aliitikia shikamoo yangu lakini mkono hakuuachia. Akanivuta hadi nyuma ya jiko la nje, akaninong'oneza, "Mwanangu, umepima?" Nikamwambia ni mazoezi tu, shangazi, na kula kwa kiasi. Akanitazama kama mtu anayekubali uongo kwa ajili ya heshima, kisha akanipakulia wali, maharage juu yake, akakaa mbele yangu mpaka sahani ikawa nyeupe. Akaongeza. Ningemkatalia kwa mdomo gani? Kwetu ukinenepa ndoa ni njema, ukikonda kuna jambo.

Lakini aliyenielimisha kuliko wote ni ndoo. Maji yalikatika siku tatu, ikabidi nichote kwenye tangi la chini na kupandisha hadi ghorofa ya tatu. Ndoo ya lita 20. Kufika ghorofa ya pili niliitua, vidole vimechorwa na mpini, nahema kama mbuzi wa mnadani. Ndipo nikapiga hesabu: lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo 22 nilizozitoa ni ndoo hii na zaidi kidogo, nami niliibeba miaka, nikipanda nayo ngazi hizi hizi, nikilala nayo.

Nilifurahi pale ngazini kama dakika moja hivi. Halafu upande wa pili wa hesabu ukanijia. Mwili unaobeba ndoo unachoma chakula kuibeba. Ukiitua, kazi imepungua, na chakula unachohitaji kimepungua nacho. Sahani ile ndogo iliyokuwa ikinipunguza sasa inanishikilia tu pale nilipo. Mimi niliidhani ni dawa ya kumeza kwa muda, kumbe ndiyo sahani yangu.

Na si uzito peke yake. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha walichokiona kwa watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la kupungua kwenye televisheni, miaka sita baada ya shindano. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao. Tena miili yao ikiwa imepumzika ilitumia wastani wa kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Kwa jikoni kwangu hizo ni chapati mbili za mafuta ya kutosha. Wale walipungua kwa kasi ya kutisha, mbele ya kamera, kwa hiyo 500 yao siichukui kuwa yangu. Ila ilinipunguzia aibu. Saa kumi jioni, mama wa maandazi akikatiza mbele ya ofisi na beseni lake, huwa nasikia tumbo linaitika kabla hajabisha hodi. Siku zote nilijiita mroho. Nilipokuja kusoma kwamba homoni ya njaa inaweza kubaki juu hata mwaka mzima baada ya mtu kupungua, nikajisamehe kidogo. Andazi bado sinunui. Sawa, Ijumaa nanunua.

Nina mpaka wangu: ikifika 77, wali wa usiku unasimama mpaka ishuke. Desemba, kwa kitchen party moja na send-off mbili, ilifika 77.4. Pilau ya sherehe haipimiki.

Sasa ya leo. Gauni langu la kitenge lilifumuka ubavuni. Ni moja ya nguo nane nilizompelekea fundi azibane baada ya ile picha. Nikaligeuza nje ndani nione palipoachia, nikakuta kitambaa kimekunjwa huku na huku, upana wa vidole vinne, kimeshikizwa kwa nyuzi ndefu. Hakukata! Nikageuza nyingine. Zote nane.

Nikamwendea nikiwa nimechemka.

"Fundi, mbona hukukata?"

"Dada yangu, kitambaa nikishakata hakirudi. Wengi wanakuja kubana, halafu wanakuja kuachia. Nawawekea akiba."

"Mimi sirudi."

Hakubisha. Alilitandaza gauni mezani, akalilainisha kwa kiganja, akachukua mkasi ule mkubwa mweusi. "Nikate?"

Mkasi ulikuwa umeshauma ukingo. Nikaikumbuka 75.8, na sahani ya shangazi, na kwamba mwezi wa pili ni send-off ya mdogo wangu.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Shona tu hapo palipofumuka."