Baba yuko baharini, bibi kalazwa

Bibi kalazwa Wete leo alasiri. Baba kang'oa nanga jana, jahazi liko njiani Ngazija, kule Komoro, na huu upepo wa kaskazi.

Simu haipatikani. Ukishaiacha minara ya pwani, basi.

Redio aliyonayo ni ya mkononi. Chaneli 16, ile ya wito na dharura baharini, hufika kama maili 5 tu, kwani mawimbi yake huenda moja kwa moja na antena iko chini. Ingefungwa juu ya mlingoti ingefika mbali.

Na hata akisikia, kurudi ni kubisha, kupanda upepo kwa kwenda upande upande. Kila akigeuza, foromali nzima, ule mti unaobeba tanga, ihamishiwe upande wa pili, tanga linapigapiga.

Kikombe chake cha kahawa kipo barazani, hakijaoshwa.

Nani ana jamaa bandarini Moroni, huko Ngazija? Niambieni.