Siku moja maishani mwangu: moyo wa ng'ombe kwenye sinia la mama

Saa 11 alfajiri, Kimara, Dar es Salaam. Maji yametoka, na yakitoka huku kwetu hakuna kulala. Nakinga dumu la lita 20 huku nasoma madesa kwa tochi ya simu: damu inaingia atria ya kulia (chumba cha juu cha moyo), inapita vali ya trikuspidi (mlango wa kati), inashuka ventrikali ya kulia (chumba cha chini). Wiki ya pili sasa nakariri mstari huu. Kinachonivuruga ni mchoro: kulia kwa moyo kuko kushoto kwangu ninayetazama.

Saa 1 asubuhi nimebanwa kwenye basi la mwendokasi, hata daftari halifunguki. Nashuka kituo cha Fire, natembea hadi chuoni, Upanga. Nasoma uuguzi, mwaka wa kwanza.

Saa 4, darasani. Mwalimu anatuambia tujipime mapigo kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima. Yangu 72. Kila pigo, anasema, moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama mililita 70 za damu. Nazidisha: 5,040. Lita 5 kwa dakika! Dumu langu la alfajiri, lililochukua karibu nusu saa kujaa, moyo ungelijaza kwa dakika 4. Hesabu hiyo imenikaa kichwani mchana kutwa.

Saa 8, diskasheni. Tunabishania ateri ya mapafu: inaitwaje ateri na damu yake imepungukiwa oksijeni, wakati ateri nyingine hubeba damu yenye oksijeni nyingi? Jibu ni kwamba ateri ni mshipa wowote unaotoa damu moyoni. Jina linafuata uelekeo, halifuati rangi nyekundu na bluu za kwenye mchoro.

Saa 12 jioni napita buchani. "Kaka, naomba moyo mzima, usiukate, na ile mirija ya juu niachie."

Saa 2 usiku. Sinia, kisu kikali, mama kwenye kigoda. Napasua upande wa kulia: ukuta mwembamba, unakunjika. Kushoto kisu kinagoma, nyama ni nene mno. Hapo naelewa bila desa. Kulia husukuma damu mapafuni tu, hapo jirani. Kushoto huipeleka utosini hadi unyayoni. Ndani, vali imeshikwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama za kushonea. Nazivuta kwa kidole, hazikatiki. Ndizo zinazozuia vali isipinduke damu ikarudi ilikotoka.

Mama ana presha, na siku akijisikia vizuri huruka vidonge.

"Sasa presha inakaa wapi hapo, mwanangu?"

Nauchukua mkono wake, naweka kidole gumba chake kwenye ukuta wa kushoto. Namweleza kwamba presha ikikaa juu miaka mingi, upande huu husukuma kwa nguvu kupita kiasi, ukuta unazidi kunenepa, mwisho moyo unachoka. Vidonge vinaupunguzia mzigo.

Anaubonyeza tena, taratibu.

"Na unafanya kazi hata nikilala?"

"Hata ukilala, mama."

Ananyamaza. Kisha anaenda kunawa mikono, anachota maji kwenye dumu la alfajiri, anameza dawa yake.